Maji Katika Sakafu ya Chumba cha Chini

Hakuna nyumba ya mawe katika miji yetu ya kale ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, isiyoijua taabu ya chumba cha chini. Ghorofani watu hulala pakavu na upepo wa bahari ukiingia dirishani. Chini, mahali pa ghala, au pa duka, au pa chuo cha watoto, ukuta umefanya ukungu, jamvi lanuka, na mtu akikanyaga alfajiri bila ya viatu huhisi maji chini ya nyayo zake. Wengi wamekwisha kuikubali hali hii kama waikubalivyo joto la Februari. Sisi hatuoni kuwa yafaa kukubaliwa, maana chumba cha chini ndicho kinachopangishwa ili mjane apate kodi ya kumlisha, ndicho alalacho bibi mzee ambaye magoti yake hayapandi tena ngazi, na ndicho wanachokalishwa watoto kutwa nzima juu ya mkeka. Kifua cha mtoto hakijui kwamba nyumba ni ya kale na ya fahari.

Ndugu wasomaji, kosa kubwa tulionalo katika mitaa yetu ni hili: maji yakitokea sakafuni, mwenye nyumba hupeleka mtu dukani kununua saruji. Hayaulizi maji yametoka wapi. Huyafunika tu. Na maji yaliyofunikwa hayaendi zao, bali hutafuta pengine pa kutokea, na aghalabu hupapata ukutani.

Tutatoa mfano wa nyumba moja ya wakfu tunayoijua vyema, iliyomo katika mtaa wa kale wa Mombasa, ambayo chumba chake cha chini hukaliwa na wanafunzi wa Kurani. Wasimamizi waliotangulia waliifunika sakafu yake kwa saruji mara tatu katika muda wa miaka isiyofika ishirini, kila mara tabaka juu ya tabaka, hata sakafu ikapanda kiasi kwamba mtu mrefu hana budi ainame akiingia mlangoni, kama aingiaye kwa mfalme. Na kila masika maji yalirudi. Safari ya nne fundi alitaka kuweka vigae vya kung'ara juu ya saruji ile, na fedha zilizokuwamo katika sanduku la wakfu zilikuwa zatosha kazi hiyo moja tu. Zikipotea, hapana nyingine mpaka kodi za mwaka ujao. Na wazee wawili walikuwa wamekwisha kuwaondoa watoto wao kwa sababu ya kikohozi. Hapo ndipo iliposemwa kwamba fundi angoje, na maji yaulizwe kwanza.

Yaulizwaje? Maji huingia chumba cha chini kwa njia nne, wala hayana ya tano: hutoka mbinguni, yaani mvua ya mapaa na ya vichochoro, hutoka ardhini, yakipanda kwa chini, hutoka katika mabomba na makaro ya nyumba yenyewe, au hutoka hewani. Hii ya mwisho huwashangaza watu, lakini kila mtu ameona gilasi ya maji baridi ikitoka jasho mezani. Vivyo hivyo sakafu iliyopoa, hasa ya vigae, hutoka jasho hewa yenye unyevu mwingi inapoigusa. Dawa ya kila njia ni mbali na ya mwenziwe, na mwenye kutibu asilolijua hupoteza mali yake.

Kuna jaribio jepesi la kupambanua jasho la hewa na maji ya ardhini. Chukua kipande cha nailoni nzito kama shibiri tatu kwa tatu, kitandaze juu ya sakafu baada ya kuifuta, kisha zibandike kingo zake zote nne kwa utepe wa kunata ili hewa isipenye. Kiache siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, maji hayo yametoka hewani, na yakutosha kuingiza upepo wakati wa jua na kuyafunga madirisha siku za mvua na ukungu. Ukikuta juu pakavu lakini chini ya nailoni pameloa na rangi ya sakafu imekuwa nyeusi, basi maji yatoka chini. Katika chumba cha wakfu nailoni iliinuliwa ikavuja maji kwa chini kama kitambaa kilichokamuliwa.

La mabomba pia ni jepesi. Usiku watu wakiisha kulala, funga mifereji yote, kaiandike hesabu ya mita ya maji, uisome tena kabla ya mtu yeyote kutawadha alfajiri. Ikiwa imesogea, bomba limepasuka mahali. Karo huchunguzwa kwa rangi: mimina chooni maji yaliyotiwa rangi kali ya chakula, ungoje siku moja au mbili uone kama rangi itatokea sakafuni. Uchunguzi huu usipuuzwe katika nyumba ya Mwislamu, maana maji safi yapandayo kutoka ardhini hayachafui mahali pa kusalia, lakini yavujayo kutoka katika karo ni najisi, na chumba hicho hakisaliwi mpaka uvujaji uzibwe na mahali paoshwe.

Limebaki suala gumu kuliko yote kwa watu wa pwani: je, maji yatokayo chini ni ya mvua au ni ya bahari? Miji yetu imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, nao una matundu kama sifongo. Maji ya bahari yakijaa, maji yaliyomo ndani ya mwamba karibu na ufuo hupanda pia, ingawa huchelewa kidogo na hupanda kwa uchache zaidi. Visima vilivyo jirani na pwani huonyesha jambo hili, na chumba kilichochimbwa chini huweza kulionyesha vilevile.

Hapa nyumba za Kiislamu zina chombo ambacho wengine hawana, nacho ni tarehe ya mwezi. Kila mvuvi ajua kwamba bahari hujaa sana na kupwa sana wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba katikati yake huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Basi bamvua huangukia karibu na tarehe 1 mpaka 3 na tarehe 15 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu, na maji mafu karibu na tarehe 8 au 9 na 22 au 23. Katika Mombasa na Unguja tofauti baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, nayo bahari hujaa kabisa yapata saa kumi alasiri na saa kumi usiku. Mwenye nyumba ayaandike katika karatasi mambo matatu tu: tarehe ya mwezi, kama mvua imenyesha, na kama sakafu imeloa. Afanye hivyo miezi miwili. Sakafu ikiloa kila bamvua, hata siku za jua kali, mgeni wake ni bahari. Ikiloa baada ya mvua tu, katika tarehe yoyote ile, mgeni wake ametoka juu.

Katika nyumba ile ya wakfu waliagizwa wanafunzi wawili wakubwa washike daftari. Twakiri kwamba kazi hiyo waliipenda kuliko kazi nyingine tuliyowahi kuwapa, na hawakukosa siku. Daftari likasema wazi: sakafu ilikuwa kavu katika bamvua zote mbili za mwezi wa kwanza, ikaloa usiku wa tarehe 9 na wa tarehe 22, siku za maji mafu, na siku hizo zote mbili mvua ilinyesha kwa nguvu. Bahari ikaachiliwa huru.

Ilipojulikana hivyo, macho yaliondoka sakafuni yakatazama nje, na nje hakukuhitaji mwanachuoni. Kichochoro kilikuwa kimetengenezwa mara kwa mara, tabaka juu ya tabaka, bila ya kung'olewa la zamani, hata kikawa juu ya ile sakafu ya asili kwa kiasi cha shibiri mbili. Nyumba haikuzama, mji umepanda, na chumba kilichojengwa usawa wa njia sasa kimekuwa shimo. Tena mlizamu wa paa ulikuwa umevunjika, ukimimina maji yake yote penye tako la ukuta.

Watu hudharau maji ya paa, basi tuyapige hesabu. Paa la mita 60 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 50 katika usiku mmoja, jambo lisilo la ajabu katika masika yetu, hupokea lita 3,000. Hayo ni mapipa 15 ya lita 200. Mapipa 15 yaliyomiminwa mahali pamoja, katika tako la ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa nusu mita, yakose kuingia chumbani kwa nini? Fundi wa vigae angaliweza kuyafanya nini maji hayo?

Kazi ya kwanza kwa hiyo ilikuwa juu ya paa, si sakafuni. Mlizamu ulirefushwa, ukaunganishwa na bomba mpaka katika tangi lililowekwa katika uwanja wa ndani, ule ambao wazee wetu huuita kiwanda. Maji yake sasa huwafaa watoto kuoshea ubao na miguu. Hili si jambo jipya kwetu. Atakayekwenda Gedi, karibu na Malindi, mji wa kale ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na ambao mwaka 2024 umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, ataona viwanda vya nyumba vimeshushwa kuliko vyumba, ili maji ya mvua yabaki kiwandani wala yasivuke kizingiti. Wale waashi walikuwa hawana saruji hata kiganja kimoja, lakini walijua maji hufuata mteremko.

Na sakafu je? Mlizamu uliondoa sehemu kubwa ya maji, lakini kichochoro bado kiko juu, na mvua kubwa bado huleta kidogo. Kidogo hiki hakikatazwi kuingia, hutengenezewa njia. Huo ndio ufundi wenyewe wa sakafu yenye unyevu, nao wataka subira zaidi ya fedha.

Sakafu yapasa iwe na mwinamo mmoja, kuelekea pembe moja tu. Sentimita 1 kwa kila mita yatosha. Katika chumba cha mita 5, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 5 kuliko wa pili. Jicho haliuoni mwinamo huu, wala mzee akikaa kitini haanguki, lakini maji huujua. Asiye na pimamaji refu achukue mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, aujaze maji, ashike ncha moja pembe hii na mwenziwe ashike ncha ya pili pembe ile: maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja siku zote, na kutoka hapo hupimwa mpaka sakafuni. Tumeona waashi wenye zana za bei kubwa wakishindwa na mpira huu.

Kisha hukatwa mfereji mdogo kando ya kuta zinazovuja, upana wake kama sentimita 10, kina chake sentimita 5 unapoanza na 10 unapoishia, ili maji yatokayo ukutani yashikwe papo hapo kabla hayajatembea katikati ya chumba. Hapa twaomba sana kazi isifanywe kwa pupa. Misingi ya nyumba nyingi za kale si mirefu kwenda chini. Asichimbe mtu chini ya tako la ukuta, wala asikate mfereji wa urefu wote kwa siku moja. Na akiona mawe ya chini yamelegea, aache na kumwita mwashi anayezijua nyumba za chokaa. Mfereji ufunikwe kwa vibao vya saruji vyenye matundu, visivyobandikwa, vipate kuinuliwa ili ufagio upite ndani. Mfereji usioweza kufagiliwa huziba mwaka wa pili.

Maji yakifika pembeni yaende wapi? Hapa ndipo ugomvi wa majirani huzaliwa, na hapa ndipo kazi ya nyumba ile ilipokaribia kuvunjika. Njia fupi ilikuwa kupitisha bomba chini ya baraza ya jirani, mama mjane, mpaka katika mtaro wa mtaa. Fundi alikwisha kupima. Mama yule akatoka akasimama barazani pake, akasema: "Waalimu wangu, ukuta wangu mimi umeloa tayari, na mpangaji wangu ameniambia mwezi huu ndio wa mwisho. Mkinipitishia maji yenu hapa, mie nitakula nini?" Wako waliosema kwamba wakfu una haki ya kupendelewa kwa kuwa ni chuo cha Kurani. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo sababu iliyozidi kuukataza. Kuondoa madhara yako kwa kumtwika jirani si kuyaondoa, na asiyejua hilo hana la kuwafundisha watoto katika chumba kikavu.

Basi bomba likageuzwa ndani. Katika uwanja wa ndani palichimbwa kwanza shimo dogo la majaribio, kina chake sentimita 30, likajazwa maji mara mbili, na mara ya pili ikatazamwa saa. Maji yalinyonywa yote kabla ya sala iliyofuata, na hapo ikajulikana kuwa ardhi ile hupokea. Mahali ambapo maji hukaa usiku kucha katika shimo la majaribio, shimo kubwa halitafaa kitu, litakuwa kisima tu. Kisha likachimbwa shimo lenyewe, mita 3 kutoka kila ukuta na mbali na karo, likajazwa mawe makubwa chini na kokoto juu. Gharama ilizidi ile ya bomba la barazani, na sanduku likamalizika kabisa. Vigae havikuwekwa. Watoto wanakaa juu ya sakafu ya kijivu, nayo ni kavu. Mlizamu wa yule mama nao ulitengenezwa na mafundi wale wale siku ile ile, kwa michango ya wazee, maana nusu ya maji ya ukuta wetu yalikuwa yake, na nusu ya yake yalikuwa yetu.

Ambaye hana uwanja, au amekuta kwamba mgeni wake ni bahari, atahitaji kishimo cha kukusanyia maji katika pembe ya chini ya chumba, na pampu ndogo yenye boya ijiwashe maji yanapopanda. Ndugu zetu wakaao Kanada wanaifahamu, kwani nyumba nyingi za huko zina chumba kizima chini ya ardhi. Aibu ya pampu ni moja: hutegemea umeme, na umeme hukatika katika dhoruba ile ile iletayo maji. Ndoo isitupwe.

Kishimo chochote chenye maji kifunikwe vizuri, kwani maji machafu yaliyosimama ni kitalu cha mbu waletao matende. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yenye maji yalitiwa vichembe vyeupe vya povu la plastiki vielee juu ya maji, na mbu wakapungua sana, maana mabuu walikosa hewa. Na waya za umeme ziondolewe sakafuni kabla ya kazi nyingine yoyote. Sakafu iloayo na waya wa kurefushia uliochubuka huua mtoto kwa dakika moja, na hili halingoji masika.

Neno juu ya kuta, kwa sababu wengi wakiisha kukausha sakafu huharakia kupiga lipu ya saruji. Mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa; ukuta hupumua. Chokaa ya wazee wetu ilikuwa tumbawe lile lile lililochomwa katika tanuri mpaka kiasi cha digrii 900, likazimwa kwa maji, na baada ya kupakwa hurudi polepole kuwa jiwe. Saruji ya siku hizi, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipatia hati mwaka 1824, ni ngumu na imefunga. Ukiipaka juu ya ukuta wa tumbawe ulioloa, maji hushindwa kutoka mbele, hupanda juu, na mwaka ufuatao utaona doa limefika kichwani badala ya magotini, na chumvi nyeupe ikibambua rangi. Lipu iliyokufa ing'olewe, na ya chokaa ipigwe mahali pake.

Lakini isipigwe upesi. Ukuta ulioloa miaka mingi hukauka kama sentimita 2 na nusu kwa mwezi, tena ikiwa upepo waupata. Ukuta wa nusu mita, ukikauka kwa ndani na kwa nje pamoja, wataka miezi 10 au zaidi. Muda huo uachwe uchi. Chumvi itakayotoka ifagiliwe kwa brashi kavu na kuchukuliwa nje, wala isioshwe kwa maji, kwani maji huirudisha ndani. Vitabu na misahafu iwekwe katika rafu iliyo mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, majamvi yaanikwe kila Ijumaa, na daftari la tarehe za mwezi liendelee kuandikwa mpaka masika ya pili yapite.